Anayelinda mgonjwa, yeye analindwa na nani?

Hapa Mudzipela, katika mji wa Bunia, jina la mgonjwa linaandikwa katika daftari ya hospitali na linasomwa kanisani wakati wa matangazo. Yule anayemlinda hana jina. Tunamwita garde-malade, basi. Lakini katika hospitali nyingi za Kongo ni jamaa inayopika, inayofua, inayoogesha mgonjwa na kukimbilia dawa, kisha usiku inalala chini kando ya kitanda. Na mgonjwa akirudi nyumbani, kazi haijaisha.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilihesabu mwaka 2018 kwamba duniani kazi ya kutunza watu na nyumba bila malipo inachukua saa bilioni 16.4 kila siku, na wanawake wanafanya zaidi ya robo tatu. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 29 Oktoba kuwa siku ya kimataifa ya matunzo. Kwetu inapita kimya.

Na bado Ituri ilipaswa kuelewa mbele ya wengine. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu zaidi ya 2,200 katika mashariki yetu, na mara nyingi ilipita katika mikono ya anayefuta matapishi na anayeosha maiti. Watu wa riposte walilipwa. Mama aliyelinda mgonjwa wake alipata kufuatiliwa siku 21, na majirani kumkimbia. Hatusemi kuwalipa wale kulikuwa kosa; tunasema hesabu ilifanywa nusu.

Watu watatujibu: huo ni wajibu wa jamaa. Ndiyo, lakini ndani ya jamaa unamwangukia nani? Kaka anatuma franga (akiwa nazo), dada anaacha meza yake sokoni, na binti anaacha masomo. Kwa waliokimbia vita vya Djugu ni vigumu zaidi, maana shamba la kuwalisha mlinzi na mgonjwa limebaki nyuma.

Katika Marko 2, watu wanne walimbeba mwenye kupooza hadi juu ya nyumba. Majina yao hatuyajui, ila Yesu aliiona imani yao.

Jumapili hii, baada ya jina la mgonjwa, tusome na la anayemlinda. Mashemasi wapange zamu za usiku hospitalini, wababa wakiwemo. Hata usiku mmoja kwa juma, mama huyo ataenda kulala kwake.