Kutulia Si Kupona

Ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia hujulikana kwa watu wengi kutokana na dalili zake zenye kelele. Mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na wengine, huamini kwamba anafuatwa au amelogwa, na mazungumzo yake hukosa mpangilio. Wataalamu huziita dalili chanya, si kwa kuwa ni njema, bali kwa kuwa ni mambo yaliyoongezeka juu ya hali ya kawaida ya mtu. Dalili hizo ndizo zinazowashtua jamaa na majirani. Zikinyamazishwa na dawa, watu hushukuru na kusema, "Sasa ametulia." Neno hilo ni jema, lakini laweza kuficha kosa kubwa, kwa maana kutulia si kupona.

Ziko dalili nyingine mbili zisizopiga kelele. Za kwanza ni dalili hasi, yaani mambo yaliyopungua: uso usioonyesha furaha wala huzuni, uchache wa maneno, kukosa ari ya kuanza jambo, kutoonja raha ya yale yaliyopendwa zamani, na kujitenga na watu. Za pili ni za utambuzi: umakini hutawanyika, kumbukumbu hudhoofika, na kupanga kazi yenye hatua nyingi huwa mlima. Mtu aliyetumwa sokoni kununua vitu vitatu hurudi na kimoja. Aliyezoea kupanga majani ya tumbaku kwa madaraja husimama mbele ya fungu asijue aanzie wapi.

Dalili hizi si ugunduzi mpya. Mjerumani Emil Kraepelin, katika miaka ya 1890, aliuona udhaifu wa fikra na wa nia kuwa ndio kiini cha ugonjwa, hata kabla Eugen Bleuler wa Uswisi hajaupa jina la skizofrenia mwaka 1908. Mwaka 1952 dawa ya kloropromazini ilianza kutumiwa Paris, na manufaa yake yalikuwa makubwa. Lakini dawa za namna hiyo huzishinda zaidi dalili chanya. Kwa dalili hasi na za utambuzi nguvu yake ni ndogo. Hivyo tiba ikaanza kupimwa kwa kile ambacho dawa inakiweza, na mgonjwa aliye kimya akahesabiwa miongoni mwa waliopona.

Mwalimu ni shahidi wa kwanza

Tabora ni mji wa shule. Shule za Tabora Wavulana, Tabora Wasichana na Milambo zimelea vijana wa sehemu nyingi za nchi. Skizofrenia nayo huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ujana na umri wa miaka ishirini na kitu, na dalili za kimya zaweza kutangulia zile za kelele kwa miezi au hata miaka. Kwa hiyo anayekaa mahali pazuri pa kuziona mapema ni mwalimu.

Kijana aliyekuwa mwepisi wa hesabu huanza kuacha maswali katikati. Haogi, hachezi, hajibu anapoitwa. Ripoti ya muhula huandika "mvivu" au "amebadilika tabia", na pengine fimbo hufuata. Adhabu haiwezi kurudisha ari iliyoondolewa na maradhi. Hata hivyo si kila mwanafunzi mnyamavu ni mgonjwa. Sonona, bangi, msiba nyumbani, njaa au uziwi huweza kuleta sura ile ile. Kazi ya mwalimu si kutoa jina la ugonjwa, bali kuona kwamba mtu amebadilika kwa wiki nyingi mfululizo, kuzungumza naye faraghani, kuwaita wazazi, na kuwaelekeza kwenye huduma, kama ile ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Njia ya misafara

Njia kuu ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata mwelekeo huo huo. Mwaka 1927 hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ilianzishwa Dodoma, na kwa familia za magharibi tiba ikawa na maana ya safari ndefu kuelekea mashariki. Katika misafara, mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa njiani. Mgonjwa wa leo anaporudishwa na vidonge vyake, akaketi barazani kutwa asiulizwe neno kwa sababu "ametulia", naye ameachwa njiani, ingawa yuko kwao.

Tiba iliyo kamili

Jambo la kwanza ni daktari kuchunguza kama ukimya huo umeletwa na kitu kinachotibika. Haloperidoli au kloropromazini ikizidi kipimo yaweza kuufanya mwili mzito na uso mkavu, na watu wakadhani ni ugonjwa wenyewe. Hapo kipimo hupitiwa upya na mganga, wala mgonjwa hapaswi kuiacha dawa kwa uamuzi wake. Sonona nayo ina tiba yake.

Jambo la pili ni shughuli na watu. John Wing na George Brown, waliochunguza hospitali tatu za Uingereza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1970, walionyesha kwamba pale wagonjwa walipokosa shughuli na maingiliano, kujitenga kwao kulikuwa kukubwa zaidi. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba huduma ya urekebishaji katika jamii, ikiongezwa juu ya ile ya kituo cha afya, hupunguza ulemavu wa mgonjwa. Nchini Tanzania, utafiti wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliwakutanisha wagonjwa na jamaa zao huko Dar es Salaam na Mbeya wajifunze pamoja. Hiyo ndiyo njia inayofaa kufika Tabora, Nzega na Urambo.

Wapagazi wa Kinyamwezi walivusha shehena kubwa kwa sababu iligawanywa katika mizigo ya kilo 30 hivi, na safari ikakatwa kambi kwa kambi. Kazi ya mgonjwa nayo igawanywe vivyo hivyo: leo kuchota maji, kesho maji na kufagia, maagizo mafupi, moja baada ya jingine, kwa saa zile zile kila siku. Mwanafunzi apewe muda zaidi na hatua zilizoandikwa.

Kwa hiyo kila kliniki na kila familia hazina budi kuacha kuridhika na swali la kama mgonjwa bado anasikia sauti. Yafaa waulize pia: Anazungumza na nani? Anafanya nini kutwa? Anatamani nini? Mpaka maswali hayo yapate majibu, tiba haijakwisha.