Kwa Mwoga Huenda Kicheko

Mwaka 2021 watafiti wa fisi wa Maasai Mara, nchini Kenya, walieleza jambo la ajabu. Watoto wa fisi walioambukizwa toksoplasma, kimelea kinachokamilisha uzazi wake matumboni mwa jamii ya paka, simba akiwemo, walikuwa wakiwasogelea simba zaidi kuliko wenzao wasio nacho. Msimulizi wa ngano angewaita majasiri. Simba hawana ngano; huwaua.

Wahenga walishasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Toleo hili linadai kwamba umbali ambao mnyama huuweka kati yake na hatari si suala la moyo mgumu au mwepesi. Ni kipimo, na kipimo hicho huwekwa na kemikali zinazopita kutoka seli moja ya neva hadi nyingine.

Mtafiti wa neva Eric Kandel alikitafuta kipimo hicho kwa kiumbe asiyetazamwa na wengi: konokono wa baharini aitwaye Aplysia, mwenye seli za neva zipatazo 20,000 tu. Ukimgusa kidogo, hukunja kiungo chake cha kupumulia. Akipigwa shoti ya umeme mkiani, seli fulani humwaga serotonini. Seli zinazopokea mguso nazo huzidisha kemikali zinazoipeleka habari mbele, na mguso ule ule mdogo sasa humfanya ajikunje kwa nguvu. Shoti moja husahaulika upesi. Zikirudiwarudiwa, hukumbukwa kwa siku kadhaa, maana seli huota viungio vipya. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Kandel Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kumbe aliyeumwa na nyoka kushtukia ung'ongo ni jambo lenye kemia yake.

Kwa panya mambo ni yale yale, ila kemikali ni nyingi zaidi. Ndani ya amigdala, kifundo kidogo kilicho kila upande wa ubongo, glutamati huchochea, GABA hutuliza, noradrenalini huamsha. Panya huganda hatari ikiwa bado mbali, hukimbia ikimkaribia, hung'ata akikosa pa kutokea. Utulivu ukizidi, hutoka hadharani akaliwa. Tahadhari ikizidi, hujifungia shimoni akafa njaa. Methali yetu, basi, imesema nusu: hata kwa mwoga kupita kiasi huenda kilio.

Joseph LeDoux, mtafiti wa New York aliyezifuatilia njia za amigdala kwa miongo kadhaa, anatuonya. Kuganda kwa panya, anasema, hakutuambii panya anahisi nini. Tunachopima maabara ni kujihami. Hofu inayomkosesha mtu usingizi ni jambo jingine. Hapa hatugombani kuhusu istilahi tu, kwani dawa inayomzuia panya kuganda si lazima imwondolee mgonjwa wasiwasi wake. Kwa sababu hiyo tumewaomba waandishi wetu waandike "kujihami" wanapoeleza tendo, na neno "woga" waliache kwa anayeweza kusimulia anavyojisikia.

Mhariri naye afuate sheria yake. Fisi wale wadogo wa Mara sitawaita majasiri, wala wenzao waliokaa mbali sitawaita waoga. Walioambukizwa walisogea mno, na umbali huo ndio uliopimwa.