Kipimo kimoja cha kichwa hakiwafai wote

Mchezaji akigongwa kichwani, daktari wa timu humuuliza maswali ya kumbukumbu, humwangalia macho, humsimamisha kwa mguu mmoja, kisha humtembeza kwenye mstari kisigino kikigusa vidole. Ndivyo inavyoelekeza SCAT6, fomu ya kupimia mtikisiko wa ubongo iliyotolewa mwaka 2023. Sasa mchukue mchezaji wa Tembo Warriors, timu iliyoiwakilisha Tanzania nchini Uturuki mwaka 2022 kwenye Kombe la Dunia la soka la watu waliokatwa viungo. Wachezaji wasio makipa hucheza kwa mguu mmoja na magongo. Huo mstari watautembeaje? Asiyeona hawezi kufuata kidole kwa macho, na mwenye mtindio wa ubongo huenda akayumba hata siku ambayo hajaguswa. Fomu hiyo yaweza kumwita mgonjwa aliye mzima. Hatari kubwa zaidi ni kumrudisha uwanjani aliyeumia, kwa kudhani kuyumba kwake ni ulemavu wake wa siku zote.

Kwa hiyo mwanamichezo mwenye ulemavu alinganishwe na nafsi yake. Kabla ya msimu, hali yake ya kawaida iandikwe: usemi, kumbukumbu, usingizi, maumivu ya kichwa, namna anavyokaa na kujongea. Wapo watakaosema hiyo ni anasa kwa ligi zisizo hata na gari la wagonjwa. Lakini kazi hii yahitaji karatasi, mhudumu wa afya na robo saa hivi. Penye uhaba wa vifaa, rekodi kama hiyo ndiyo msaada ulio karibu. Wengine watahofia kwamba upimaji utawapa viongozi kisingizio cha kuwaacha wachezaji. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kanuni kwamba rekodi hizo zisitumike katika uteuzi. Wala rekodi isingojewe pale dalili zinapoonekana wazi: aliyezimia, aliyetapika au aliyechanganyikiwa atolewe, na asirudi siku hiyo. Hata mapumziko ya siku moja au mbili baada ya kuumia yapangwe kwa hali yake, kwani anayetumia kiti mwendo hutegemea mikono hata kupanda kitandani, hivyo atahitaji msaidizi. Vyama vya michezo vinavyodai picha na cheti cha kuzaliwa wakati wa usajili vidai pia karatasi hii.