Mchezo Uwe wa Darasa Zima

Mara nyingi mwalimu atakapo hadithi iigizwe darasani, huwateua watoto wanne au watano walio hodari wa kusema, na waliosalia huketi wakitazama. Sisi twaona kwamba desturi hii yawanyima wengi faida ya mchezo, nao ndio wanaoihitaji zaidi.

Yafaa tuutazame mji wa York, Uingereza. Tangu karne ya 14 hadi mwaka 1569, katika sikukuu ya Ekaristi, wenyeji wake waliigiza hadithi za Biblia, toka Kuumbwa kwa Ulimwengu hadi Siku ya Hukumu. Hadithi hiyo ndefu iligawanywa katika michezo mifupi ipatayo 50, na vyama vya mafundi vikagawiwa michezo hiyo. Waunda merikebu walionyesha Nuhu akijenga safina. Wavuvi na mabaharia, gharika. Waokaji mikate, Karamu ya Mwisho. Na mafundi wa misumari, Kusulubiwa kwa Yesu. Majukwaa yao yalikuwa na magurudumu, yakakokotwa kutoka kituo hadi kituo, na wachezaji walitakiwa kuwa tayari kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Mgawanyo huo una mafunzo mawili kwetu. Kwanza, kila kundi lilikuwa na sehemu yake ya kutimiza. Pili, aliyeshika nyundo jukwaani alikuwa ameizoea katika kazi yake.

Basi mwanachuo aigawe hadithi katika visehemu sita au saba, kila kikundi kipewe kimoja. Watoto wa wavuvi wapewe bahari. Watoto wa wakulima, shamba. Vikundi vijitungie maneno, kisha vifuatane mbele ya darasa. Ikiwa darasa lina watoto wa dini mbalimbali, hadithi ya kijiji au ya historia itafaa vilevile.

Jambo moja tusiliige. Mwaka 1476 baraza la mji huo liliagiza wachezaji wapimwe na wenye ujuzi, na wasiofaa kwa sauti au kwa ustadi waondolewe. Wao walitafuta heshima ya mji. Sisi twatafuta kumlea mtoto. Mtoto mwenye sauti hafifu akiondolewa leo, ataipatia wapi sauti kesho? Hapana budi naye apewe neno lake la kusema, hata likiwa moja.