Naamani wa Rungwe ashuke mtoni



Katika 2 Wafalme sura ya 5 tunakutana na Naamani, jemadari wa Shamu, shujaa mwenye heshima lakini mwenye ukoma. Aliyemfungulia njia ya kupona ni binti mateka aliyemtumikia mkewe. Hata hivyo, Elisha alipomwagiza aoge Yordani, alikasirika, nusura arudi kwao na ugonjwa wake.

Naamani huyo tunaye kwetu Rungwe. Ni baba anayesafiri na lori la ndizi kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam. Ni mkulima wa chai. Ni mzee wa kanisa. Mkewe alipimwa VVU kliniki alipokuwa mjamzito. Yeye hajawahi kupima. Anajiona mzima, kwa kuwa virusi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Anakuja kupelekwa hospitali amekonda au ana kifua kikuu, kinga imekwisha kushuka.

Mkoa wetu wa Mbeya, pamoja na Njombe na Iringa, una maambukizi makubwa kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wanaoishi na VVU wenye miaka 15 na zaidi, takriban 83 wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, karibu wote wanatumia dawa. Basi kikwazo kikubwa ni kupima, na wanaume ndio wanaobaki nyuma.

Kanisa nalo lina lawama. Makanisa mengi huwataka wachumba wapime kabla ya ndoa, lakini sisi wazee na wahubiri hatuulizwi. Tena mimbarini tunautaja UKIMWI pamoja na uasherati tu, hata kupima kunaonekana kama kuungama dhambi hadharani. Nani atashuka Yordani huku waumini wenzake wamesimama ukingoni wakimnyooshea kidole?

Tuanze sisi viongozi. Hospitali za Makandana na Igogwe ziko jirani, na tangu 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Dawa haziondoi VVU kabisa, lakini anayewahi na kuzitumia vizuri huishi, hufanya kazi na kulea wanawe.

Nanyi akina mama na vijana, mwambieni baba kwa upole, kama binti yule. Naamani aliposhuka mtoni hakupoteza heshima yake. Alipoteza ukoma.

Bwana atupe moyo wa kushuka mapema. Amina.