Baba mwenye nyumba, tuachie tupike kwa umeme!

Wiki hii mapenzi tunayaweka pembeni, tunaingia jikoni. Msicheke, moshi wa mji wetu uko huko.

Ikitajwa hewa ukaa, wengi tunafikiria Wazungu na viwanda vyao. Wenzetu wa Dar tatizo lao moja ni magari, ndiyo maana Mei 2016 walianza mwendokasi, na mwaka 2018 mji wao ukapata tuzo ya kimataifa ya usafiri. Safi sana. Lakini jamani, Bukoba hii foleni ya Ubungo iko wapi? Sisi moshi tunaupika. Kila jioni, kila uchochoro, ndizi na maharage juu ya mkaa.

Kijana akiwa kwao Kishanda anapikia kuni za shambani, matawi yaliyopogolewa, na miti inachipua tena. Akija mjini akapanga chumba, anaanza kununua mkaa wa kopo. Balaa linaanzia hapo. Katika tanuru la udongo, kilo moja ya mkaa humeza kilo tano hadi kumi za kuni. Yaani moshi umeshapanda juu huko porini kabla wewe hujawasha kiberiti!

Na mvua za Bukoba mnazijua. Mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga mlango apate joto. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Watu wanalala, hawaamki.

Umeme je? Kwa miaka mingi mkoa wetu umewashiwa taa na umeme wa Uganda, ambao sehemu kubwa unatokana na maji ya Nile. Pale Rusumo, kwenye mto Kagera, kuna mitambo ya megawati 80 tunayogawana na Rwanda na Burundi. Kule Rufiji, Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115. Yote hiyo ni nguvu ya maji, hakuna mti unaoungua.

Sasa kwa nini mpangaji hapikii umeme? Muulize baba mwenye nyumba. "Hapa jiko la umeme marufuku, linakula LUKU!" Mita moja, wapangaji sita, kila mmoja anamchungulia mwenzake dirishani.

Cha ajabu, pasi ruksa! Bishoo ananyoosha suruali za wiki nzima, wati 1,000, hakuna anayegomba. Presha kuka ya umeme nayo ni wati 1,000 hivi, tena presha ikishapanda inajizima yenyewe, inawaka kidogo kidogo tu. Maharage yanaiva kabla uniti moja haijaisha, na uniti moja kwa bei ya kawaida haifiki shilingi 400. Bei ya kopo la mkaa mnaijua, pigeni hesabu.

Simlaumu mzee moja kwa moja. Ugomvi wa kuchangia LUKU umevunja urafiki wa wengi. Dawa yake ni sabumita: kila chumba kijulikane kimekula uniti ngapi, kila mtu alipe chake.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mzuri, ila hautaingia chumbani kwetu kama mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Na nyie washikaji wa bodaboda na akina dada wa saluni mnaocheza mchezo, zamu yako ikifika nunua presha kuka, kiatu kitasubiri. Mchumba atakayekuja Jumapili hatakula kiatu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!