Babu Tusimkate Nusu

Dada zangu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku, ya leo najua hayatampendeza kila mtu, na shangazi zangu nao wanasoma hapa, kwa hiyo nawaomba radhi mapema.

Tangu babu yetu alipofariki, Allah amrehemu, familia imegawika kwa sababu ya masanduku mawili ya kaseti na udi mmoja uliofungwa kwenye kanga ya bibi. Shangazi anataka zichomwe, anaogopa kila ikipigwa moja marehemu anaandikiwa. Ami anasema zisichomwe ila zifichwe, na kwenye hitma tutaje msikiti wake na madrasa yake, mambo ya muziki tuyanyamazie. Nawaheshimu wote wawili, wamesema kwa mapenzi. Lakini mimi naona wanamkata babu nusu, na nusu wanayotaka kuitupa ndiyo iliyotulea.

Babu alikuwa mtoto wa Ng'ambo hapa Unguja, amekulia kwenye sauti za Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanza 1905. Kazi ya reli ndiyo iliyomtoa. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Tunduma ndipo inapovuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia. Reli ikaendelea mbele, babu akabaki. Alimuoa bibi, binti wa Kinyamwanga aliyesilimu, akafungua duka la vitambaa. Wakati huo hata Mkoa wa Songwe haukuwapo, huo ni wa 2016. Kule kote kulikuwa Mbeya. Fikirieni mtu wa pwani kwenye baridi ile ya Juni, Waislamu wachache, malori yakinguruma usiku kucha kungoja kuvuka.

Udi wake ulikuwa na sheria. Haushikwi kabla ya Isha, na haushikwi mpaka kila mtoto amemsomea sura aliyopewa madrasa siku ile. Ukikosea unarudia, na wenzako wote wanakutolea macho kwa sababu wewe ndiye unayewachelewesha. Ramadhani nzima udi ulining'inia ukutani. Jirani akifiwa, awe Mwislamu au Mmoravian, haukushushwa mpaka matanga yaishe. Adhana haikupata kumkuta nao mkononi. Namwambia Ami hivi: nidhamu ya ibada tuliyonayo sisi wajukuu tumejifunzia pale pale, tukiingojea nyimbo.

Na kulikuwa na madufu. Babu aliyawamba mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi. Ukungu wa Tunduma hulegeza ngozi, sauti ikawa kama unapiga mto, kwa hiyo kila kabla ya harusi sisi watoto tulikaa jikoni tukiyageuza kwenye joto la jiko la mkaa mpaka yalie vizuri. Kisha tunatoka. Harusi za kule ni za pande mbili: bibi harusi yuko Nakonde, bwana harusi yuko Tunduma, wanawake wanavuka mpaka na mabeseni vichwani, na qasida zinaanza hata kabla ya kufika. Majirani ambao hawajapata kukanyaga msikitini walikuwa wanaitikia, wamekwisha kuzishika. Sijui mawaidha mangapi yangewafikisha pale.

Sasa tuje kwenye dini, maana humo ndimo hoja ilimo. Mimi si mwanachuoni. Najua wako masheikh wengi wanaokataza ala za nyuzi, na shangazi anaposhika kauli yao hakosi adabu. Lakini dufu kwenye harusi lina mlango wake unaojulikana. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Rubayyi' binti Mu'awwidh, radhi za Allah ziwe juu yake. Asubuhi ya ndoa yake Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwenda kwake akakaa, na wasichana wadogo walikuwa wanapiga dufu wakiwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja wao akatia neno kwamba Mtume anajua ya kesho. Mtume akamkataza neno hilo tu, akamwambia aendelee na yale aliyokuwa akiyasema.

Dada, itazameni vizuri habari hii. Ni asubuhi ya bibi harusi, dufu linalia, na wanaotajwa ni wazee waliotangulia. Kilichosahihishwa ni neno lisilo sawa. Dufu halikunyang'anywa, na wazee hawakuondolewa kwenye harusi.

Na tusione haya kama ni ya babu yangu tu. Lamu wanamkumbuka Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akaja kusomesha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakuwajali. Maulidi yake yalisomwa kwa madufu, na wako waliochukia. Alifariki 1935. Watoto na wajukuu zake hawakusema tubakishe darsa tufiche madufu; Riyadha imesimama na vyote viwili, na kila Mfungo Sita watu wanasafiri kwenda kuhudhuria.

Kuhusu udi, nakubali mtu asiupige. Mimi mwenyewe siupigi. Hesabu ya babu iko kwa Mola wake, na sisi tumwombee maghfira mchana na usiku. Lakini kumwombea hakuhitaji tujifanye hakuwa yeye. Watoto wa mwaka huu wakiambiwa babu yao alikuwa mtu wa msikiti tu, watamheshimu, ndiyo, ila hawatamjua, na mtu usiyemjua unamwombea kwa mdomo tu.

Kwa hiyo mabibi harusi, kama mna babu au bibi aliye hai anayejua qasida za kwenu, kaeni naye kabla ya kwenda kukodi spika. Mrekodini kwa simu. Muulizeni alijifunza kwa nani. Spika utaipata kila mtaa, na mara nyingi inapiga nyimbo ambazo ungeona haya baba yako azisikie. Binamu yangu anaolewa mwezi ujao, na asubuhi ya wanawake ameomba madufu ya babu, yale yale, na vitoto vya madrasa ndivyo vitakavyopiga.

Kaseti ziko kwangu Unguja sasa, nimeanza kuzihamishia kwenye kompyuta. Taarab si nyingi kama watu wanavyodhani. Nyingi ni maulidi, na harusi za binti zake, moja baada ya nyingine, tarehe zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Katika mojawapo madufu yananyamaza, babu anakohoa, halafu anaanza dua. Anamwombea bibi harusi kizazi chema na mume mwenye huruma, sauti inamkatika, na nyuma bibi anasikika akimwambia aendelee.

Harusi hiyo ni ya shangazi anayetaka zichomwe. Nimeiweka pembeni. Akitaka kuichoma nitampa, ila aje aisikilize kwanza.